Krismasi inahusu nini hasa, na ile furaha wanayosema iko kwa Mungu ni ipi?

Desemba moja baada ya ibada mama mmoja alinishika mkono mlangoni akanivuta pembeni. Alikuwa amefiwa na mumewe miezi michache tu nyuma. Akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama kosa, "Mwanangu, humu ndani wameimba furaha, furaha tangu asubuhi na mimi moyo wangu umekaa kama jiwe. Sasa mimi ni mkristo kweli?" Nikamjibu yale maneno ya haraka haraka ambayo wote tunayajua, Mungu atakutia nguvu mama, tukaagana. Lakini njiani swali lile lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki, maana nilijua kabisa sijamjibu kitu.

Tangu siku ile kila Desemba huwa nasikiliza sana watu wanavyoongea kuhusu Krismasi, na naona tumefunga vitu vinne kwenye fundo moja: kuzaliwa kwa Yesu, tarehe 25, sherehe, na ile hali ya kujisikia vizuri. Mtu akivuta uzi mmoja anadhani vyote vinakatika. Akisikia tarehe haimo kwenye Biblia anasema basi Krismasi ni uongo, akikosa hela ya sherehe anasema mwaka huu hakuna Krismasi kwetu, akiwa na huzuni anajiona hana imani. Ngoja tufungue fundo polepole, tukianzia kwenye maneno.

Krismasi ni neno lililotujia kutoka Kiingereza na asili yake ni "misa ya Kristo", yaani ibada ya kumkumbuka. Noeli imepitia Kifaransa na inarudi kwenye neno la Kilatini la kuzaliwa. Kristo, na hapa wengi wanateleza, sio jina la pili la Yesu kama jina la ukoo. Ni cheo. Ni neno la Kigiriki lenye maana ile ile ya Masihi kwa Kiebrania, Mpakwa mafuta, kwa sababu Israeli ya zamani mfalme alisimikwa kwa kumiminiwa mafuta kichwani. Jina Yesu lenyewe maana yake ni Bwana anaokoa. Na kwa wale wanaokasirika wakiona Krismasi imefupishwa kwa kuandikwa na herufi X mbele wakidhani kuna mtu amemfuta Kristo, ile X ni herufi ya kwanza ya neno Kristo kwa Kigiriki, wakristo wenyewe walifupisha hivyo karne nyingi zilizopita.

Sasa habari yenyewe. Kati ya injili nne ni mbili tu zinazosimulia kuzaliwa, Mathayo na Luka. Marko anaanza Yesu akiwa mtu mzima anakwenda kubatizwa, Yohana anarudi nyuma zaidi mpaka kabla ya ulimwengu kuwepo. Luka anasema Kaisari Augusto alitoa amri watu waandikishwe, Yusufu akasafiri na Mariamu mjamzito mpaka Bethlehemu mji wa Daudi, na huko akajifungua, akamvika mtoto nguo za kitoto akamlaza kwenye hori kwa sababu hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Hori ni kile chombo cha kulishia mifugo. Ng'ombe na punda tunaowaona kwenye picha Luka hajawataja, sisi tumewaweka kwa sababu hori lipo. Mamajusi, wale wataalamu wa nyota kutoka mashariki waliokuja kumwona mtoto, hawakutajwa kwamba ni watatu wala kwamba ni wafalme, ni zawadi ndizo zilikuwa tatu, na Mathayo anasema walimkuta mtoto nyumbani, tena mfalme Herode akaja kuwaua watoto wa kiume wa miaka miwili kushuka chini, kwa hiyo inawezekana kabisa walifika muda mrefu baada ya wale wachungaji wa kondoo waliokuja usiku wa kuzaliwa kuondoka. Hata ile "nyumba ya wageni", neno alilotumia Luka ndilo hilo hilo analolitumia baadaye kwa kile chumba ambacho Yesu alikula pasaka na wanafunzi wake, wakati kwenye mfano wa Msamaria mwema anapotaka kusema nyumba ya kulala wageni wasafiri anatumia neno lingine. Kwa hiyo huenda ilikuwa ni nyumba ya kawaida ambayo chumba cha wageni kilikuwa kimejaa.

Kuna kitu kidogo ndani ya Luka 2 ambacho mimi kilinichukua miaka kukiona. Siku za kutakaswa kwa Mariamu zilipotimia walimpeleka mtoto hekaluni Yerusalemu, na Luka anataja sadaka yenyewe, ndege wawili, hua au makinda ya njiwa. Ukifungua Walawi 12 unakuta sheria ilitaka mwanakondoo wa mwaka mmoja na ndege mmoja, halafu mwishoni kuna nafasi ya mama asiye na uwezo wa mwanakondoo: huyo alete ndege wawili. Luka hasemi popote "walikuwa maskini". Anakuonyesha tu walichobeba mkononi. Yule ambaye wakristo wanaamini vitu vyote viliumbwa kupitia kwake, wazazi wake walipita kwenye dirisha la wasio na uwezo.

Tarehe nitaimaliza haraka maana inapewa uzito kuliko unaostahili. Biblia haitaji siku wala mwezi. Kumbukumbu ya Roma ya mwaka 354 ndiyo ya zamani zaidi inayoonyesha wazi Desemba 25. Wapo wanaosema ilichaguliwa ili kuchukua nafasi ya sikukuu ya jua, maana kaisari Aureliano aliinua sana ibada ya jua mwaka 274, na wapo wanaosema wakristo walipiga hesabu, waliamini mimba ilitungwa Machi 25, ukiongeza miezi tisa unafika Desemba 25. Wasomi bado wanabishana. Waorthodoksi wengi wanasherehekea Januari 7 kwa sababu wanafuata kalenda ya zamani ya Juliasi ambayo sasa imeachana na ya kwetu kwa siku 13. Hata mwaka wa kuzaliwa, mtawa Dionisio aliyepanga mwaka 525 hesabu ya miaka tangu kuzaliwa kwa Yesu alikosea kidogo, maana kwa wasomi wengi Herode alikufa mwaka wa 4 kabla ya Kristo na Yesu alizaliwa Herode akiwa hai. Ukimuuliza mtu asiye na cheti cha kuzaliwa kama kweli alizaliwa atakushangaa, yeye yupo mbele yako anapumua. Krismasi haisimami juu ya tarehe, inasimama juu ya kama huyo mtu alikuja au hakuja. Na kama ndugu yako mkristo haadhimishi siku hiyo kabisa, mtume Paulo kwenye Warumi 14 alishasema mmoja hutukuza siku fulani mwingine huona siku zote ni sawa, kila mtu athibitike akilini mwake, kwa hiyo tusigombane.

Tufike kwenye kiini. Yohana anakiweka kwa maneno machache sana: Neno, ndivyo anavyomwita Yesu, alifanyika mwili, akakaa kwetu. Hilo neno "akakaa" kwa Kigiriki limetokana na hema, kama vile kusema alikuja akapiga hema lake katikati ya mahema yetu.

Hapa kuna kutoelewana kwingi na sio kwa wasio wakristo tu. Wengine wanasikia Mwana wa Mungu wanadhani wakristo wanasema Mungu alioa akazaa. Hapana, hakuna mkristo anayeamini hivyo, na akiamini hivyo amekosea. Neno Mwana linaeleza uhusiano uliokuwepo milele kati ya Baba na Mwana, kabla hakujawa na Mariamu wala Bethlehemu. Kilichoanza Bethlehemu sio Mwana, ni ubinadamu wake. Wengine wanadhani alikuwa nusu Mungu nusu mtu, kama maziwa yaliyotiwa maji, yakawa sio maziwa tena wala sio maji. Kanisa lilibishana juu ya hili muda mrefu na kwenye mtaguso wa Kalkedonia, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 451 likasema: Mungu kweli, mtu kweli, nafsi moja, hali mbili bila kuchanganywa wala kutenganishwa. Mfano wowote wa jambo hili unachechemea, lakini mimi unaonisaidia ni wa mzazi anayeshuka sakafuni kucheza na mtoto wa miezi minane. Anatambaa, anaongea maneno ya kitoto, anavutwa nywele. Hajaacha kuwa mtu mzima hata sekunde moja, akili zake zote anazo, ila amekubali kuishi kwa kipimo cha mtoto kwa sababu mtoto hawezi kupanda kuja kwenye kipimo chake. Mfano unaishia hapo, maana mzazi anaigiza utoto na Yesu hakuigiza ubinadamu, alisikia njaa kweli, alichoka kweli mpaka akalala kwenye chombo katikati ya dhoruba.

Kwa nini aje? Malaika alimwambia Yusufu kwenye Mathayo 1: utamwita jina lake Yesu, maana yeye ndiye atakayewaokoa watu wake na dhambi zao. Dhambi kwa Biblia sio orodha ya makosa tu, ni mwanadamu kumpa Mungu mgongo na kutaka kuishi kama hana mwenyewe, na matokeo yake tunayaona, tunaumizana na tunaogopa kifo. Kwa hiyo Krismasi haielewiki bila Ijumaa Kuu na Pasaka. Mtoto wa hori ndiye mtu wa msalabani, na ukimuacha pale kwenye hori peke yake unabaki na picha nzuri ya mtoto mchanga, ambayo inapendeza lakini haimuokoi mtu.

Sasa furaha, na hapa ndipo nilipotakiwa kuwa na jibu siku ile mlangoni.

Angalia malaika alivyowaambia wachungaji: "Msiogope; kwa kuwa mimi ninawaletea habari njema ya furaha kuu itakayokuwa kwa watu wote; maana leo katika mji wa Daudi amezaliwa, kwa ajili yenu, Mwokozi, ndiye Kristo Bwana." Hakuwaamuru wafurahi. Alileta habari, na furaha imo ndani ya habari. Sisi tumegeuza, tunajaribu kutengeneza furaha kwanza, kwa taa na nyimbo na kelele, halafu tunatumaini itatupeleka kwa Mungu.

Umewahi kukaa kwenye korido ya hospitali mtu wako yuko ndani anafanyiwa upasuaji? Masaa yanapita, unasoma tangazo moja ukutani mara arobaini, miguu imekufa ganzi. Mlango unafunguka, daktari anashusha barakoa anasema "ametoka salama." Pale hakuna mtu anayekufundisha kufurahi. Wengine wanapiga kelele, wengine wanakaa chini wanalia, wengine hawasemi kitu kabisa wanashika ukuta tu. Furaha ni ile ile imetoka kwa njia tofauti, kwa sababu chanzo chake ni kile kilichotokea ndani ya kile chumba ambacho wewe hukuwemo wala hukukishika. Ndio maana ya furaha ya Krismasi kwa mkristo. Kuna kitu Mungu amefanya, kimeshatokea, na kimefanyika kwa ajili yako.

Mtu ataniuliza, sawa, mbona mimi habari naijua tangu shule ya Jumapili na sijisikii kitu? Hapo inabidi tutofautishe furaha na kujisikia. Chukua mtu aliyekuwa na deni lililomkosesha usingizi miaka, jana likafutwa lote, akapewa karatasi. Leo ameamka kichwa kinamuuma vibaya, hawezi hata kutabasamu. Je, deni limerudi? Karatasi ipo mezani pale pale. Kichwa kinauma kweli na deni limefutwa kweli, vyote viwili kwa pamoja, na hata akiwa kitandani kuna kitu ndani yake kimetulia ambacho wiki iliyopita hakikuwepo. Hisia zinapanda na kushuka kwa usingizi, homoni, msiba, hela, hata hali ya hewa. Kilichofanyika Bethlehemu na Golgotha, pale aliposulubiwa, hakipandi wala kushuka.

Kwa hiyo huzuni na furaha ya Mungu zinakaa nyumba moja. Paulo alijieleza kuwa ni kama mwenye huzuni lakini siku zote ana furaha. Huyo huyo ndiye aliyewaandikia Wafilipi "Furahini katika Bwana siku zote, tena nasema, Furahini", na aliandika akiwa kifungoni, hajui kama atatoka hai. Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa rafiki yake Lazaro dakika chache kabla ya kumfufua, yaani alijua kitakachotokea na bado akalia. Nabii Habakuki naye anahesabu hasara zake moja moja, mtini hauchanui, mizabibu haina kitu, zizini hakuna mfugo, halafu anasema walakini nitamfurahia Bwana. Hilo "walakini" mimi nalipenda mno. Hakusema hasara sio hasara.

Na angalia anachokifurahia ni Bwana, maana vitu alikuwa hana hata kimoja. Hapa kuna mafundisho yamewaumiza watu sana, kwamba ukiwa na Mungu utapata hiki na kile na hiyo ndiyo furaha yako, na ukikosa basi una tatizo la imani. Baba anarudi jioni, mtoto anamkimbilia mlangoni. Kuna siku mtoto anaangalia mfuko kwanza, umebeba nini, na kuna siku anaruka shingoni moja kwa moja, mfuko hata hauoni. Baba anampenda siku zote mbili. Ila ni ile siku ya pili mtoto anakuwa na kitu ambacho mfuko mtupu hauwezi kumnyang'anya. Kufurahi katika Mungu ni hiyo, ni Mungu mwenyewe kuwa zawadi, ndio maana mtoto akaitwa Emanueli, Mungu pamoja nasi. Hakuitwa Mungu ametuma mzigo.

Inapatikanaje? Sina kanuni ya hatua saba na namuogopa mwenye nayo. Wagalatia 5 inaiita tunda la Roho, na tunda halikazwi kwa nguvu, linaota mti ukiwa na maji. Maji kwa sehemu kubwa ni kuisikia ile habari tena na tena, kwa kusoma, kwa ibada, kwa mtu kukukumbusha siku ambayo wewe huwezi kujikumbusha, na kumwambia Mungu ukweli. Daudi alipoikosa hakujifanya anayo, aliomba unirudishie furaha ya wokovu wako. Sala hiyo inaombwa na mtu ambaye hana, na iko ndani ya Biblia. Na kama giza limekaa wiki kwa wiki, hulali, huli, huoni sababu ya kuishi, hiyo inaweza kuwa ni ugonjwa kama magonjwa mengine, mwambie mtu na umuone daktari, kumeza dawa hakumkosei Mungu heshima.

Wachungaji wenyewe baada ya yote yale Luka anasema walirudi, wakimtukuza Mungu. Walirudi wapi? Kondoo ni wale wale, zamu za usiku ni zile zile, Herode bado yuko kwenye kiti chake na Augusto bado anahesabu watu wake. Hakuna kilichobadilika kwenye maisha yao ambacho mtu wa nje angeweza kukiona asubuhi ile, isipokuwa kwamba walikuwa wamemuona.

Yule mama nilimtafuta, ilinichukua mpaka Januari. Nikaenda kwake tukakaa, nikamwomba radhi kwa jibu langu la mlangoni, nikamwambia mama moyo kuwa kama jiwe miezi michache baada ya kumzika mume sio dalili ya kukosa imani, ni dalili kwamba ulimpenda. Halafu nikamsomea Luka 2, lakini sikuishia kwa wachungaji kama tulivyozoea, nikaendelea mpaka pale hekaluni kwenye mstari wa 36, kwa Ana binti Fanueli. Ana alikaa na mume miaka saba tu akafiwa, akawa mjane mpaka uzee wa miaka themanini na minne, na yeye ni miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kumuona mtoto na kumshukuru Mungu na kuwaambia wengine habari zake. Mama akanyamaza muda mrefu, anazungusha pete kidoleni. Kisha akasema, "Rudia hapo pa mjane, mwanangu. Taratibu."